Matenga ya Nyanya, Upepo wa Lori na Ukingo wa Lami

Baiskeli yenye matenga mawili ya nyanya kwenye keria haiwi wima kwa sababu mwendeshaji ana nguvu. Inakuwa wima kwa sababu usukani hautulii: ikianza kulalia kulia, gurudumu la mbele nalo hukata kulia kidogo, likaufuata uzito unaotaka kuanguka. Aliyezoea hufanya hivyo bila kufikiri, na mzigo ukiwa mzito, mwendo ukiwa mdogo, kuyumba huko huongezeka. Kwa hiyo anahitaji nafasi pembeni, na nafasi ndiyo haba Ilula, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia inapita katikati ya mji.

Lori linapompita, kwanza hewa iliyotangulia mbele yake humsukuma nje. Sekunde ileile ubavu unapofika, msukumo hugeuka ukamvuta ndani, kwenye magurudumu. Matenga hukamata upepo huo kama tanga. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo: kwa umbali uleule, lori la kilomita 80 kwa saa humyumbisha zaidi ya mara mbili na nusu kuliko la kilomita 50.

Breki nazo zina hesabu yake. Kwenye lami kavu, lori lenye breki nzima likiwa kwenye 50 husimama ndani ya mita 35 hivi, ukihesabu na sekunde moja ya dereva kushtuka. Likiwa kwenye 80, linataka mita 70. Ndiyo maana kibao cha 50 si mtego tu wa trafiki wenye tochi za kupima mwendo.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni ukingo wa lami uliomomonyoka. Mwendeshaji akisikia honi anashuka kwenye vumbi. Lori likipita anataka kurudi. Akipanda kimshazari, gurudumu la mbele husugua ukuta wa lami na haliwezi tena kukata kulia. Mwili umeshalalia kulia, gurudumu limekataa kuufuata: anaanguka barabarani, mbele ya gari linalofuata. Hapo hata kofia ngumu haisaidii sana. Ni heri asimame, ashuke, aisukume baiskeli mpaka juu.

Wahandisi huliita eneo hilo la vumbi pembeni mwa lami bega la barabara. Likiwa na upana wa mita moja na nusu, lilingane na lami, na lijazwe changarawe upya kila mvua zinapoisha, huyu mwendeshaji hatalazimika kushuka kabisa.