Mguu Mrefu wa Plagi

Amplifaya yangu ya kwanza niliiundia juu ya meza ya jikoni. Transfoma ilitoka kwenye mashine chakavu, kasha lilikuwa la bati zito. Ilipowashwa, muziki ulitoka safi, bila mvumo. Nilikuwa peku, na sakafu ya saruji ilikuwa imetoka kudekiwa. Nikagusa kasha, mkono ukafa ganzi hadi kwenye kiwiko.

Tulipofungua plagi tukaona sababu. Fundi aliyenisaidia alikuwa ameukata waya wa ardhi. "Hiyo ni ethi tu kaka, ndiyo inaleta mvumo," aliniambia. Nimeyasikia maneno hayo tangu hapo kwenye vibanda vingi vya mafundi redio, na kila mara moyo hunipiga.

Itazame plagi ya miguu mitatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda, yenye asili ya Uingereza. Mguu wa juu ni mrefu kuliko wenzake. Ndio unaotangulia kuingia kwenye soketi, ndio unaofungua vilango vinavyoziba matundu ya laivu na nyutro, na ndio wa mwisho kutoka. Ndiyo maana mwenye plagi ya miguu miwili huchokonoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu: anatafuta njia ya kuuzunguka ulinzi huo.

Kazi yake ni hii. Waya wa laivu ukichomoka ndani ya amplifaya na kugusa kasha, umeme mwingi hupita ghafla kwenye waya wa ardhi, fyuzi ikakatika. Waya huo usipokuwepo, kasha linabaki na volti 230, likimsubiri atakayeligusa. Fyuzi haitamwokoa. Ile ya kwenye plagi mara nyingi ni ya ampea 13, ilhali vifaa vya kukata umeme vilivyotengenezwa kulinda watu huwekwa vikate kwenye miliampea 30 tu. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 400.

Wanamuziki wameyalipia haya kwa maisha yao. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea tarehe 3 Mei 1972 aliposhika maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa vizuri na ardhi. Miaka 4 baadaye Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alifia nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme lenye kasoro hiyohiyo.

Nilianza upya. Nilikwangua rangi ndani ya kasha mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya wa kijani na njano kwa bolti yake peke yake, yenye washa ya meno na nati mbili. Niliuacha mrefu kuliko waya wa kahawia na wa bluu, ili kamba ikivutwa kwa nguvu, laivu ing'oke kwanza na ardhi ibaki. Laivu ikapita kwenye fyuzi, kisha swichi, ndipo transfoma. Umeme ukiwa umechomolewa, nikapima kutoka mguu mrefu hadi kwenye kasha: omu 0.2. (Soketi nayo ipimwe na fundi umeme, maana nyumba nyingine zina matundu matatu lakini nyuma ya lile la juu hakuna waya.)

Nilipowasha, mvumo ukarudi. Nilichomoa waya wa sauti uliotoka kwenye kompyuta, ukanyamaza. Nikaurudisha, ukaanza tena. Kompyuta na amplifaya zote zilikuwa na waya wa ardhi, na ngao ya waya wa sauti ikaziunganisha mara ya pili, ikafanya kitanzi kinachopitisha umeme wa hezi 50 katikati ya muziki. Kasha nililiacha lilivyo. Nyaya zote za sifuri ya sauti nilizikusanya sehemu moja, kisha sehemu hiyo nikaiunganisha na kasha kupitia rezista ya omu 10, ubavuni mwake daraja la diodi la ampea 35 ili hitilafu ikitokea umeme upate njia pana. Nikaweka sikio kwenye spika. Kimya.