Usiku wa Tatu Uko Wapi?

Kristo alikufa Ijumaa saa tisa alasiri, na Jumapili alfajiri wanawake wakalikuta kaburi wazi. Mtoto wa darasa la katekisimu anaweza kuhesabu kwa vidole: usiku wa kwanza, Ijumaa kwenda Jumamosi, usiku wa pili, Jumamosi kwenda Jumapili. Vidole vinaishia hapo. Lakini katika Injili ya Mathayo, sura ya 12 aya ya 40, Yesu anajilinganisha na Yona aliyekaa tumboni mwa samaki mkubwa, na anasema naye atakaa ndani ya nchi siku tatu. Haishii kwenye siku tu. Anataja mchana, na anataja usiku. Usiku wa tatu uko wapi?

Miaka kadhaa iliyopita, katika juma la Pasaka, mzee mmoja wa usharika wetu alinisubiri mlangoni mwa kanisa, akanishika mkono na kunipa kipeperushi kilichokunjwa mara nne. "Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa kalamu. Soma hiki, halafu uniambie kama tumedanganywa miaka yote hii." Kipeperushi kilidai kwamba Kristo alisulubiwa Jumatano, akakaa kaburini saa 72 kamili, akafufuka Jumamosi jua likizama, na kwamba anayeadhimisha Ijumaa Kuu anaadhimisha uongo. Macho yake yalionyesha hakuwa amelala. Nilimwomba anipe muda. Tangu hapo nimejifunza kutolidharau swali hili, maana wanaoliuliza kwa uchungu mara nyingi ndio wanaoyasoma Maandiko kwa makini zaidi.

Wala si swali la jana. Wakristo wa Siria katika karne ya 3 walikwisha kuliona. Kitabu chao cha mafundisho kiitwacho Didascalia kilikuwa na jibu la kushangaza: lile giza lililoifunika nchi kuanzia saa sita hadi saa tisa, Bwana akiwa msalabani, lihesabiwe kuwa usiku, na mwanga uliorudi baada yake uhesabiwe kuwa mchana mwingine. Hapo usiku wa tatu ukapatikana. Karne iliyofuata, Aphrahat, mwalimu wa Kikristo katika himaya ya Uajemi, alianza kuhesabu mapema zaidi, kwenye Karamu ya mwisho. Kwa hoja yake, aliyekwisha kuutoa mwili wake uliwe na damu yake inywewe amekwisha kuhesabiwa pamoja na wafu. Sidhani kama mwandishi wa Mathayo aliwaza hivyo, lakini naipenda heshima ya watu hawa kwa maneno ya Bwana wao. Hawakulipuuza hata neno moja.

Augustino wa Hippo alipita njia nyepesi zaidi. Katika kitabu cha 4 cha kazi yake kubwa juu ya Utatu, anaeleza kwamba Maandiko huweza kuitaja sehemu kwa jina la kitu kizima. Kipande cha Ijumaa ni siku, Jumamosi nzima ni siku, kipande cha Jumapili ni siku. Kanisa la Magharibi likatulia juu ya jibu hilo kwa karne nyingi.

Utulivu huo ulitikiswa hasa na wahubiri wa Marekani. R. A. Torrey, mwinjilisti aliyesikika mabara mengi, aliitetea Jumatano katika kitabu alichokitoa mwaka 1907 kuhusu aya ngumu za Biblia. Baada yake Herbert W. Armstrong, aliyefariki mwaka 1986, aliifanya hesabu ya saa 72 kuwa nguzo ya mafundisho yake, akaieneza kwa redio na kwa jarida lililogawiwa bure duniani. Wapo pia waliochagua Alhamisi, akiwamo msomi Mwingereza B. F. Westcott katika karne ya 19.

Watu wa Jumatano tusiwadhulumu, wana hoja. Yohana 19:31 inasema Sabato iliyofuata kifo cha Yesu ilikuwa kubwa. Wao husema hiyo haikuwa Jumamosi ya kawaida, ilikuwa sikukuu ya Pasaka iliyoangukia Alhamisi. Tena Marko anasema wanawake walinunua manukato Sabato ilipokwisha, na Luka anasema waliyatayarisha kisha wakapumzika siku ya Sabato. Watayatayarishaje kabla hawajayanunua? Jibu lao: kulikuwa na Sabato mbili, na katikati yake siku moja ya kazi ambamo walinunua na kutayarisha. Ni hoja safi, na msomaji mwaminifu ataipima kabla ya kuikataa.

Mimi nimeipima na sikuikubali. Sababu ya kwanza ni njia ya Emau. Jumapili hiyohiyo wanafunzi wawili wanamsimulia mgeni waliyekutana naye habari za msalaba, na katika Luka 24:21 wanasema leo ni siku ya tatu tangu mambo hayo yatokee. Kutoka Jumatano hadi Jumapili, uhesabu utakavyo, hupati tatu. Watetezi wa Jumatano hujibu kwamba wanafunzi walianza kuhesabu tangu walinzi walipowekwa kaburini siku iliyofuata. Lakini waliyokuwa wakiyasimulia ni kuhukumiwa na kusulubiwa, si walinzi. Sababu ya pili ni neno la Kigiriki *paraskeue*, yaani Maandalio. Marko 15:42 inalifafanua palepale kuwa ni siku inayotangulia Sabato, na mpaka leo Mgiriki akitaka kusema Ijumaa hutumia neno hilohilo. Justin Mfiadini, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, naye anasema Kristo alisulubiwa siku moja kabla ya siku ya Zohali, ambayo ndiyo Jumamosi. Kuhusu manukato, Sabato ilikwisha Jumamosi jua lilipozama, na aliyeona hayatoshi angeweza kuongeza jioni hiyo.

Bado usiku wa tatu haujapatikana. Hapo inatubidi tumuulize Myahudi wa zamani alivyohesabu, na Maandiko yenyewe yanatupa mifano. Esta anawaambia Wayahudi wa Shushani wafunge siku tatu, usiku na mchana, naye atafunga vivyo hivyo kabla ya kumwendea mfalme. Sura inayofuata inamwonyesha amesimama katika ua wa mfalme, na ni siku ya tatu, haijapita. Katika Samweli wa Kwanza sura ya 30, watu wa Daudi wanamwokota kijana Mmisri aliyeachwa nyikani. Msimulizi anasema hakuwa amekula wala kunywa siku tatu, mchana na usiku. Kijana mwenyewe anaeleza kwamba bwana wake alimwacha alipougua siku tatu zilizopita. Katika Mambo ya Nyakati ya Pili sura ya 10, Rehoboamu anawaambia watu warudi baada ya siku tatu; wanarudi siku ya tatu, na hakuna anayewashutumu kuwahi.

Ushahidi mzito kuliko wote uko katika Mathayo yuleyule. Wakuu wa makuhani na Mafarisayo wanamwendea Pilato wakimkumbusha kwamba yule mtu alisema atafufuka baada ya siku tatu. Kisha wanaomba kaburi lilindwe mpaka siku ya tatu. Kama kwao maneno hayo yangekuwa na maana ya saa 72, wangeomba ulinzi uvuke siku ya nne, maana hatari ingeanza palepale ulinzi unapoondoka. Hao walikuwa maadui wa Yesu, na hawakuwa na sababu ya kulegeza hesabu. Walihesabu tu kama kila mtu wa mji ule. Na katika Talmudi ya Yerusalemu yumo mwalimu Eleazari mwana wa Azaria, wa mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa ya 2, aliyefundisha kwamba mchana na usiku ni kipindi kimoja, na sehemu ya kipindi huhesabiwa kama kipindi kizima.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya kustaajabu. Babu zetu waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hakuna aliyesubiri saa 72 zitimie tangu mgeni alipobisha hodi. Aliyefika juzi jioni, leo asubuhi yuko siku yake ya tatu, ingawa mwenye gesti atamtoza kulala mara mbili. Mama aliyelazwa na mwanawe Ijumaa mchana akatoka Jumapili asubuhi atawaambia majirani, "Nimekesha siku tatu, usiku na mchana," na hakuna jirani atakayemwambia amezidisha usiku mmoja. Usiku na mchana, katika kinywa chake, ni namna ya kusema hakupumzika. Hakuwa anaandika hesabu.

Saa za Biblia nazo zinatupokea kama wenyeji. Katika Marko 15:25, Yesu anasulubiwa saa tatu, nasi tunasoma saa tatu na kuielewa: jua limepanda, watu wako kazini. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza zimelazimika kuandika tisa asubuhi ili msomaji wao asipotee. Wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 wanaajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na kibarua wa Mwanza au Malindi anajua mara moja kwamba wale wa saa kumi na moja walifanya kazi kidogo tu kabla ya giza. Hesabu hii hatukuirithi kutoka Yerusalemu. Jua letu ndilo lililotufundisha. Ila tukumbuke kwamba saa ya zamani ilikuwa fungu moja la kumi na mbili la mwanga wa siku, na huko Yerusalemu mwanga wenyewe hufikia kama saa 14 mwezi Juni na kushuka hadi kama 10 mwezi Desemba. Saa zao zilirefuka na kufupika. Ndiyo maana Marko anaposema saa tatu, na Yohana 19:14 inaposema ilikuwa yapata saa sita Pilato alipotoa hukumu, mimi siuoni msiba ambao wengine wanauona. Wapo waliojaribu kumpa Yohana saa za Kirumi zinazoanza usiku wa manane. Lakini saa za jua za Warumi wenyewe zilikuwa na sita adhuhuri. Naona ni watu wasio na saa mkononi, wakiyagawa mafungu ya siku kwa macho.

Liko fungu moja la mjadala huu ambalo Ikweta yetu iliingia bila sisi kuulizwa. Waadventista wa kwanza wa Marekani, walipoikubali Sabato ya Jumamosi katika miaka ya 1840, walibaki na swali: inaanza lini? Joseph Bates, aliyekuwa nahodha wa meli kabla ya kuwa mhubiri, alishikilia saa kumi na mbili jioni, majira yote ya mwaka. Hoja yake ilikuwa ya baharia: kwenye Ikweta jua huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili daima, basi huo ndio wakati wa dunia nzima. Kwake Massachusetts ilikuwa vigumu, kwani jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja, na la Juni huvuka saa moja jioni. Novemba 1855, huko Battle Creek, Michigan, J. N. Andrews aliwasomea ndugu zake uchunguzi wake wa Maandiko: jioni ya Biblia ni kuzama kwa jua, basi. Bates na Ellen White, waliokuwa upande wa saa kumi na mbili, wakakubali muda mfupi baadaye. Wamisionari wa kanisa hilo walipofika Upare mwaka 1903 na Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, walifika mahali ambapo ugomvi ule usingezaliwa. Huku jua huzama saa kumi na mbili na dakika zake, na hutofautiana kidogo sana mwaka mzima.

Hapo ndipo ninapoona ufunguo wa swali la mzee wangu: usiku ni wa siku ipi? Mambo ya Walawi 23:32 inaamuru siku ya upatanisho ishikwe kuanzia jioni hadi jioni, kwa hiyo usiku unaitangulia siku yake. Lakini katika Mwanzo 19, binti mkubwa wa Lutu anaamka siku ya pili na kuuita usiku uliopita usiku wa jana, kana kwamba umeambatana na mchana ulioutangulia. Maandiko yanazo hesabu zote mbili, na sisi pia tunazo. Kijana wa mjini akisema Alhamisi usiku, anamaanisha baada ya Alhamisi kuisha. Mzee wa Lamu au Unguja akisema usiku wa Ijumaa, anamaanisha usiku uleule, ila kwake ni mali ya Ijumaa inayokuja. Na gazeti hili likiripoti moto, litaandika kwamba ulizuka usiku wa kuamkia Jumamosi.

Nilirudi kwa mzee na Biblia yangu, tukaketi barazani kwake. Sikumletea hesabu ya saa 72, wala sikuwa na usiku wa tatu mfukoni. Nilimwonyesha Esta, nikamwonyesha walinzi wa Pilato, kisha nikafungua Luka 23:54, mahali mwili wa Yesu unapowekwa kaburini Ijumaa jioni. Nikamweleza kwamba katika Kigiriki Luka anasema Sabato ilikuwa inapambazuka. Jua lilikuwa linazama, giza linaingia, na yeye anatumia neno la alfajiri. Mathayo analitumia neno hilohilo mwanzoni mwa sura ya 28, wanawake wanapokwenda kuliangalia kaburi.

Mzee alinyamaza kidogo, akauvuta mkeka wake karibu. "Inapambazuka jioni," akasema. "Yaani usiku wa kuamkia."