Haki ya Kupata Mtoto Ianzie Gisenyi

Agosti 2025 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya huduma za afya yenye kanuni za wazi kuhusu upandikizaji mimba na kuhusu mwanamke kumbebea mwenzake mimba. Sheria ya watu na familia ya 2016 ilikuwa imeshatambua kwamba mtoto anaweza kupatikana kwa msaada wa daktari, mradi wahusika wameridhia. Maneno hayo machache yaliwagawa mahakimu: wanandoa waliotaka kubebewa mimba walikataliwa na mahakama ya chini, hadi mwaka 2020 Mahakama ya Kati ya Nyarugenge ilipowakubalia. Utata huo sasa umepungua, na ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, ruhusa iliyoandikwa Kigali haijawa tiba kwa mtu wa Gisenyi, na itabaki hivyo iwapo huduma ya ugumba haitaanzia kwenye kituo cha afya kilicho jirani naye.

Kizuizi cha kwanza ni cheti cha ndoa. Sheria imeweka huduma hizi kwa wanandoa ambao daktari amethibitisha kuwa hawawezi kuzaa kwa njia ya kawaida, na ndoa inayotambuliwa Rwanda ni ile ya kiserikali, ya mume mmoja na mke mmoja. Mjini Gisenyi wapo wanaoishi pamoja miaka mingi bila kufika ofisi ya sekta, wapo waliofungishwa ndoa msikitini tu, na wapo wenye mwenza wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ambaye karatasi zake ni za Kongo. Wanaotetea sharti hili wanasema mtoto anahitaji wazazi wanaojulikana kisheria. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale mimba inapobebwa na mwanamke wa tatu na kila upande unaweza kumdai mtoto. Lakini kwa mume na mke wanaotumia mbegu na yai lao wenyewe, sioni cheti kinamkinga mtoto na nini. Majirani zao wanaozaa bila msaada hawaulizwi cheti na yeyote.

Kizuizi cha pili, kikubwa zaidi, ni fedha na umbali. Upandikizaji mimba katika kliniki binafsi za Kigali hugharimu mamilioni ya faranga, na safari ya kwenda huko ni kilomita zipatazo 150, tena hurudiwa mara nyingi. Mama anayevusha mboga kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière kila alfajiri atazipata wapi fedha hizo? Hapa hujibiwa kwamba Rubavu, wilaya ulimo mji wa Gisenyi, yenye watu zaidi ya 546,000 kwa sensa ya 2022, imejaa mno, na serikali ina malaria na vifo vya wajawazito vya kushughulikia kwanza. Anayesema hivyo anasahau maana ya uzazi wa mpango: mtu achague idadi na wakati. Asiyepata hata mmoja hakuchagua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba maishani, na umaskini haumkingi mtu.

Wala si lazima kuanza na maabara ya gharama. Barani Afrika mirija ya uzazi ya wanawake wengi huziba kwa sababu ya kisonono na klamidia zisizotibiwa mapema, au maambukizi baada ya kujifungua na baada ya utoaji mimba usio salama. Dawa za magonjwa hayo ni za bei nafuu. Kupima mbegu za mwanamume kunahitaji hadubini na mtaalamu aliyefunzwa, na kunaweza kumwokoa mwanamke anayebebeshwa lawama peke yake, na pengine kufukuzwa, ilhali tatizo liko kwa mume. Vipimo hivyo vipatikane Hospitali ya Gisenyi na vilipiwe na Mituweli, bima ya afya ya jamii. Kisha hospitali kuu za umma zitoe upandikizaji kwa wachache watakaouhitaji, kama hospitali ya Mulago ya Uganda ilivyothubutu.

Wizara ya Afya inayo nafasi ya kuyaandika haya katika kanuni za kutekeleza sheria. Na wewe mwanamume wa Gisenyi, mke wako akienda kupimwa, nenda naye, nawe upimwe.