Mbwa gani anaweza kukaa na paka? Namna ya kumuchagua Masisi na Walikale

Familia ikirudi kijijini kisha miezi mingi ya ukimbizi, kazi ya kwanza ni kusimamisha nyumba na kutafuta mbegu. Kazi ya pili ni panya. Nyumba iliyobaki bila watu inakuwa yao, na gunia ya maharagi iliyowekwa pembeni jioni inakutwa asubuhi imetobolewa. Kwa mukulima aliyeomba ao kununua kilo chache tu za mbegu, hiyo si hasara ndogo. Mbegu ikiliwa mbele ya mvua, musimu umepita.

Toka vita ya M23 ilianza tena mwisho wa 2021, watu wengi wa teritware ya Masisi, na kisha wa Walikale, wamepita katika hali hiyo, wengine zaidi ya mara moja. Njo maana paka anatafutwa. Kuna wanaosema paka ni nyama wa walozi, lakini mutu mwenye gunia moja ya mbegu hana wakati wa kusikiliza hayo.

Shida inakuja wakati nyumba hiyohiyo inahitaji mbwa pia. Mbuzi na kuku wanaibwa usiku, na sauti ya mbwa inaamsha watu mbele ya mwizi kufika mulangoni. Basi mbwa analetwa, na kisha siku mbili tatu paka ameuawa, ao amehamia kwa jirani na harudi tena. Mwenye nyumba anabaki na mulinzi inje, na ndani panya wanaendelea kula.

Mbwa anayeweza kuishi na paka bila kumuua yuko. Lakini hajulikani kwa rangi, wala kwa ukubwa wa kichwa, wala kwa kusikia eti mama yake alikuwa mukali. Anajulikana kwa mambo mawili: alikomalia kati ya nyama gani, na amezoezwa kazi gani.

Mbwa wa malisho, mbwa wa pori

Kwenye vilima vya Masisi, mbwa wengi wanakomalia karibu na malisho. Toka udogo wanaona ngombe, ndama, mbuzi na kuku kila siku. Mbwa anayekimbiza ndama ao kushika kuku, mwenyewe hamuvumilii. Anapigiwa kelele, anafungwa, ao anafukuzwa. Kwa hiyo mbwa mukubwa aliyebaki miaka miwili mitatu katika lupango yenye kuku na mbuzi amekwisha kujifunza jambo moja kubwa: nyama wa nyumbani haguswi. Hiyo haimaanishi kama amezoea paka, lakini ni mwanzo muzuri.

Ukishuka upande wa Walikale, fasi kubwa ni msitu, na kule mbwa ana kazi ingine. Wawindaji wa Kinyanga, Kirega na Kikumu wanatumia mbwa toka zamani. Kwa kuwa mbwa wa misitu yetu habweki sana, anavalishwa kengele ya mbao shingoni ili mwindaji asikie fasi alipo. Kazi yake ni kuvumbua kitu kidogo kinachojificha, kukitoa, na kukifuata kikikimbia. Sasa ona paka anayeponyoka kutoka jikoni na kuingia chini ya kitanda. Kwa macho ya mbwa huyo, kazi imeanza. Si mbwa mubaya. Anafanya kile kilichomupatia chakula toka zamani.

(Mbwa huyu wa msitu wa Kongo anajulikana Ulaya pia. Wazungu walimupeleka Uingereza na kumuonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1937. Walimupa jina basenji, neno ambalo wakati wa ukoloni lilitumiwa kutukana watu wa vijijini. Hata huko, wanaomufuga wanaonywa juu ya paka na nyama wadogo.)

Kwa hiyo anayetafuta mbwa kwa ajili ya nyumba yenye paka, asianze kwa mwindaji, hata kama mbwa wake wanasifiwa kote. Na wakati huu kuna shida ingine. Watu wamekimbia, mbwa wamebaki, wengine wamefuata barabara na kuchukuliwa na watu wasiowajua. Mbwa anayeokotwa Mubi ao Nyabiondo anaweza kuwa alitoka mbali, na hakuna wa kueleza alikuwa anafanya nini. Huyo asipelekwe nyumbani mbele ya kupimwa.

Juma nane za kwanza

Mutoto wa mbwa ana wakati mufupi wa kujifunza nani ni wa nyumbani. Wakati huo unaanza karibu juma la tatu kisha kuzaliwa na unafika juma la kumi na mbili, kumi na nne kwa wengine. Anachokizoea katika muda huo, hatakishangaa akiwa mukubwa. Mutoto wa paka anatangulia: kwake ni toka juma la pili mpaka la saba hivi.

Mutoto wa mbwa hafai kutengwa na mama yake mbele ya juma la nane, maana anajifunza kwa mama na kwa ndugu zake nguvu ya kuuma. Hesabu ni rahisi basi. Nusu ya wakati wake inapita kwa yule anayekupatia, na kwako inabaki juma ine tu. Njo maana inafaa kwenda kuangalia kule anakozaliwa, si kungojea aletwe ndani ya kikapu. Je, mama yake analala wapi? Paka anapita pale? Kuku wanadonoa karibu bila woga? Mama mbwa anayelala kando ya moto na paka yuko pembeni, watoto wake ndio wa kuomba, hata kama ni wembamba na masikio hayasimami.

Kati ya watoto wa tumbo moja pia kuna tofauti. Yule anayerukia kila kitu kinachotikisika na hakiachi hata akiitwa, aachwe. Yule anayejificha na kutetemeka, aachwe pia, maana mbwa mwoga anauma. Anayefaa anakuja kunusa, anacheza, kisha anachoka na kwenda zake.

Kupima mbwa mukubwa

Mbwa afungwe kamba imara na kushikwa na mutu mwenye nguvu. Paka awekwe ndani ya kikapu kilichofungwa, hatua kumi hivi. Mbwa aangalie, kisha aitwe jina na aonyeshwe kipande cha bugali chenye muchuzi.

Akigeuka na kuchukua bugali, kuna tumaini. Akinusa hewa, akitikisa mukia wote na kuangalia pembeni, ni vizuri zaidi. Lakini akisimama kama muti, mudomo umefungwa, masikio mbele, macho hayatoki kwa kikapu, na bugali hata haioni, huyo arudishwe. Watu wengi wanaogopa mbwa anayebweka na kuruka. Wengine kati yao wanataka kucheza tu. Wa kuogopa ni yule anayenyamaza.

Mara moja haitoshi. Mbwa aliyechoka na njia ao mwenye njaa sana hajionyeshi alivyo. Apimwe tena kesho yake, akiwa ameshiba na kulala.

Siku za kwanza nyumbani

Hata mbwa aliyechaguliwa vizuri anaweza kuharibikia mulangoni. Mbele ya kuonana, gunia ambayo paka amelalia iwekwe fasi mbwa atalala, na ya mbwa iwekwe kwa paka, ili kila mumoja azoee harufu ya mwenzake. Kwa juma mbili mbwa abaki na kamba kila mara paka akiwa karibu. Paka awe na fasi ya juu isiyofikiwa na mbwa: uchaga wa juu ya moto, ao ubao uliopigiliwa ukutani. Paka anayejua kama anaweza kupanda hakimbii ovyo, na paka asiyekimbia hafukuzwi. Wasile chakula fasi moja, wala saa moja bila mutu kuangalia. Paka akimukwaruza mutoto wa mbwa puani, watoto wasimupige paka; somo hilo linakaa kwa muda mrefu.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijali. Mbwa mumoja mupole, akiunganika na mbwa wawili watatu wa jirani usiku, anabadilika. Wakiwa kundi wanafukuza na kuua kile ambacho kila mumoja peke yake angekiacha. Anaweza kulala na paka wa nyumbani na kumuua paka wa jirani. Usiku abaki ndani ya lupango.

Mbele ya yote, chanjo

Mbwa asiyejulikana anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na paka pia anakipata akiumwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani, mpaka 99 kwa mia, waliambukizwa na mbwa. Dalili zikitokea kwa mutu, dawa ya kumuponyesha hakuna. Mutoto wa mbwa achanjwe kwa veterineri kuanzia miezi mitatu, na chanjo irudiliwe kadiri veterineri anavyoelekeza. Wakati wa kumuleta mbwa mupya, kupigana kwa mbwa na paka kunaleta mutu kati, na yeye njo anaumwa.

Aliyeumwa ao kukwaruzwa aoshe kidonda palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo, hata kama lazima apelekwe mbali. Mbwa asiuawe haraka akiwa anaweza kufungwa bila hatari: anaangaliwa siku 10. Lakini mutu asingojee siku hizo ziishe ndipo atafute matunzo.

Na kama mbwa aliyechaguliwa ni jike, siku atakapozaa paka akae mbali kwanza, maana mama mbwa mwenye watoto wachanga hana urafiki na mutu. Kisha juma tatu, wakati watoto wameanza kutembea, paka aachwe apite tena njia yake ya kila siku. Majirani wenye paka watajua pa kuomba.