Hesabu za Gunia na Mtihani wa Maarifa

Ndugu msomaji, wewe unajua hesabu. Usishangae kuambiwa hivyo. Ukiwa sokoni Sumbawanga umeuza sado 4 za maharage, kila sado shilingi 6,000, mnunuzi akakupa noti tatu za shilingi 10,000, wewe unamrudishia shilingi 6,000 kabla hajafunga mfuko wake. Umezidisha, kisha umetoa. Hukuhitaji kalamu.

Shida ni moja tu. Hesabu hiyo imo kichwani, haimo kwenye karatasi. Na msahihishaji wa mtihani hana kichwa chako mbele yake. Ana karatasi yako.

Somo hili ni la wale waliokwisha kujua kusoma na kuandika, na sasa wanataka kwenda mbele. Wako watu wazima vijijini, kuanzia Mpui hadi Matai na Namanyere, walioacha shule zamani. Wengine waliishia darasa la 7. Wengine walifika kidato cha 1 wakakosa karo, au wakaolewa. Tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Lakini mama mwenye watoto watatu na shamba la kulima hawezi kukaa darasani kutwa nzima. Njia yake ni nyingine.

Njia hiyo ni Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT. Mtu husoma masomo ya kidato cha 1 na cha 2 nje ya shule, kisha hufanya mtihani huo, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Akifaulu, anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha 4 akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, inashughulikia masomo ya namna hii, na ina ofisi mikoani. Muulize mwalimu wako wa kisomo, naye atakuelekeza.

Somo linalowatisha wengi ni hisabati. Basi tuanze na kitu unachokifahamu: gunia la mahindi.

Lumbesa

Unaijua lumbesa. Gunia limejaa, lakini mnunuzi anashona kilemba juu yake na kuongeza mahindi mpaka gunia linaota kichwa. Bei haibadiliki. Gunia ni gunia, anasema. Wakala wa Vipimo hukataza jambo hilo. Kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini mnunuzi akifika shambani na lori, jua linazama, na wewe una shida ya fedha, sheria iko mbali.

Tuseme una magunia 12 ya lumbesa. Umeyapima kwenye mizani iliyopigwa chapa na Wakala wa Vipimo, ukaona kila moja lina kilo 125. Mnunuzi anakupa shilingi 60,000 kwa kila gunia, bei ya gunia la kilo 100. Je, umepunjwa kiasi gani?

Chukua kalamu. Usikimbilie jibu. Andika hivi:

Kilo za ziada katika gunia 1: 125 – 100 = 25
Bei ya kilo 1: 60,000 ÷ 100 = sh. 600
Hasara ya gunia 1: 25 × 600 = sh. 15,000
Hasara ya magunia 12: 15,000 × 12 = sh. 180,000

Kuzidisha kwa 12 kusikutishe. Zidisha kwa 10 kwanza, upate 150,000. Kisha zidisha kwa 2, upate 30,000. Jumlisha.

Tazama ulivyoandika. Kila mstari una jina lake: kilo za ziada, bei ya kilo, hasara. Hiyo ndiyo inayoitwa njia. Katika mtihani wa hisabati mtahiniwa anatakiwa aonyeshe njia yake wazi, na njia ina alama zake. Ukikosea kujumlisha mwishoni lakini njia yako ni sahihi, hupotezi kila kitu. Ukiandika jibu peke yake, nalo likawa na kosa, msahihishaji hana la kukupa.

Sasa tuhakikishe jibu letu kwa njia ya pili. Magunia 12 yenye kilo 125 ni kilo ngapi? 12 × 125 = 1,500. Kilo 1,500 ni magunia mangapi ya kilo 100? Ni 15. Wewe umelipwa magunia 12. Kwa hiyo magunia 3 yamekwenda bure, na magunia 3 kwa shilingi 60,000 ni shilingi 180,000. Majibu yanalingana. Fanya hivi kila unapopata nafasi: jibu moja kwa njia mbili. Ni kama kuhesabu fedha mara ya pili kabla ya kuzifunga kwenye kanga.

Hapa tuingie kwenye asilimia, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Asilimia maana yake ni "katika kila 100". Mtihani unaweza kukuuliza: mkulima huyu amepoteza asilimia ngapi ya mazao yake?

Mmoja atasema 25, kwa sababu kila gunia liliongezwa kilo 25 juu ya 100. Mwingine atasema 20. Nani yuko sawa? Swali linasema asilimia "ya mazao yake". Mazao yake yalikuwa magunia 15, na yaliyopotea ni 3. Basi:

3 ÷ 15 × 100 = 20

Jibu ni asilimia 20. Lakini kama swali lingekuwa, "Mnunuzi amepata ziada ya asilimia ngapi juu ya alicholipia?" hapo tungegawanya kwa 12, kwa kuwa alilipia magunia 12:

3 ÷ 12 × 100 = 25

Magunia 3 ni yale yale, lakini asilimia ni mbili. Kila uonapo neno asilimia, jiulize kwanza: asilimia ya nini? Tafuta hicho kitu katika swali, kipigie mstari chini, kisha ndipo ugawanye.

Nadhani mkulima wa Ufipa analielewa jambo hili upesi kuliko mtoto wa shule mwenye kukariri, kwa sababu yeye amekwisha kuyabeba magunia hayo mgongoni. Anayeuza kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye maghala yake Sumbawanga, anauza kwa kilo. Huko hesabu ya kilo na bei ndiyo hesabu yenyewe.

Ekari

Umemkodi mwenye maksai akulimie. Mmepatana shilingi 50,000 kwa ekari. Amemaliza, anasema ni ekari 4, anataka shilingi 200,000. Utajuaje kama anasema kweli?

Tunajua wote kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70, hatua ndefu za mtu mzima. Zidisha: 70 × 70 = 4,900. Basi ekari moja ni eneo la hatua 4,900 za mraba. Pima shamba lako kwa miguu. Tuseme urefu ni hatua 140 na upana ni hatua 105.

Eneo: 140 × 105 = 14,700
Ekari: 14,700 ÷ 4,900 = 3

Ekari ni 3, malipo ni shilingi 150,000. Mwite bwana huyo, mtembee pamoja, mhesabu kwa sauti. Mara nyingi ugomvi huisha hapo.

Mtihani hautapima kwa hatua, utapima kwa meta. Ekari moja ni meta za mraba 4,047. Hekta moja ni meta 100 kwa 100, yaani meta za mraba 10,000, ambayo ni karibu ekari 2 na nusu. Kata kamba ya meta 10, weka fundo kila baada ya meta 1, na upime ua wako, darasa lenu, hata banda la ng'ombe. Kwa kila kimoja andika urefu, upana na eneo. Ukifanya hivyo juma moja, hutasahau tofauti ya meta na meta ya mraba.

Riba

Katika kikundi cha kuweka na kukopa unachukua shilingi 200,000 kununua mbegu na mbolea. Riba ni asilimia 10. Muda ni miezi 3. Utarudisha ngapi?

Usijibu bado. Asilimia 10 kwa mwezi, au asilimia 10 kwa muda wote? Kama ni kwa muda wote, riba ni 200,000 × 10 ÷ 100 = sh. 20,000. Kama ni kwa kila mwezi, zidisha kwa 3, upate sh. 60,000. Ya kwanza haifiki bei ya gunia la mahindi. Ya pili ni gunia zima la mahindi. Katika mtihani muda hutajwa ndani ya swali. Katika kikundi, wewe ndiye wa kuuliza, tena kabla ya kutia sahihi.

Herufi katika hesabu

Wengi wakiona herufi katikati ya namba hufunga daftari. Herufi ni jina la muda la namba usiyoijua bado. Tuseme umepakia magunia 3 yanayolingana pamoja na debe 2 za mahindi. Kila debe ina kilo 17. Mizani inasoma kilo 334 kwa vyote. Gunia moja lina kilo ngapi? Liite g.

3g + 34 = 334
3g = 334 – 34
3g = 300
g = 100

Umetoa debe kwenye mizani, ukagawanya kilichobaki kwa 3. Ndivyo ungefanya hata bila herufi.

Mambo matatu ya kuangalia mapema

La kwanza ni lugha. Karatasi ya hisabati ya Mtihani wa Maarifa imeandikwa kwa Kiingereza. Mtu anaweza kuijua hesabu ya riba vizuri kabisa, akashindwa kwa kutojua kwamba ameulizwa riba. Gawa ukurasa wa daftari katikati. Kushoto andika maneno ya Kiswahili: faida, hasara, eneo, asilimia, riba, jumla, tofauti, wastani. Kulia mwalimu akuandikie ya Kiingereza. Maneno hayo si mengi. Maneno matano kwa juma yanatosha.

La pili ni saa. Ratiba ya mtihani hufuata saa za Kizungu. Ukiona 8:00 ya asubuhi, kwetu ni saa 2 asubuhi. Ukiona 2:00 ya mchana, kwetu ni saa 8 mchana. Tofauti ni 6 siku zote. Mtu akisoma 8:00 akadhani ni saa 8 mchana, atakuta wenzake wamekwisha toka chumbani, na mwaka wake umekwenda.

La tatu ni gumu zaidi kwetu. Mtihani hufanyika Novemba, na Novemba ndipo mvua inapoanza Ufipa. Ni mwezi wa kupanda. Mwenye kuchagua kati ya kalamu na jembe wakati huo atachagua jembe, na hakuna wa kumlaumu, maana watoto wanakula mahindi. Kwa hiyo panga mwaka wako mapema. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Usiungoje mavuno ndipo uulize. Kuanzia Juni, mahindi yakishaingia ghalani, hadi Oktoba, kiangazi ni chako: soma jioni, angalau saa moja. Lima ardhi mapema ikiwezekana. Na ongea na watu wa nyumbani, mume au mke, dada, shemeji, mkubaliane nani atashika jembe siku zile za mtihani. Nawe utalipa siku zao wakati wa palizi.

Mazoezi

Fanya hesabu hizi katika daftari lako. Onyesha njia. Usitazame majibu kabla.

1. Mama mmoja ana magunia 8, kila moja lina kilo 110. Mnunuzi anamlipa shilingi 55,000 kwa gunia, bei ya kilo 100. Amepunjwa shilingi ngapi?

2. Shamba lina urefu wa hatua 210 na upana wa hatua 35. Ni ekari ngapi?

3. Umekopa shilingi 150,000 kwa riba ya asilimia 5 kila mwezi. Baada ya miezi 4 utarudisha jumla ya shilingi ngapi?

4. Magunia 4 yanayolingana na debe 3 yana jumla ya kilo 431. Kila debe ina kilo 17. Gunia moja lina kilo ngapi?

Majibu: 1. Sh. 44,000. 2. Ekari 1 na nusu. 3. Sh. 180,000. 4. Kilo 95.