Sanduku la Usharika na Mjane Aliyesahauliwa: Diakonia Katika Mitaa ya Mabibo

Neno diakonia ni la Kiyunani, nalo lina maana ya utumishi, hasa ule wa kuhudumia mezani. Katika sharika zetu limekuwa jina la idara, la kamati, na pengine la Jumapili moja ya sadaka maalumu. Makala hii inakusudia kueleza kwamba uaminifu wa diakonia hupimwa kwa swali moja: je, inamfikia yule ambaye sisi wenyewe hatumjui?

1. Wajane wa Yerusalemu

Matendo ya Mitume 6:1-6 inatupa msingi. Kanisa la Yerusalemu liligawa chakula kila siku. Halikupungukiwa na ukarimu. Hata hivyo, wajane wenye kusema Kiyunani walisahauliwa. Luka hamshitaki mtu yeyote kwa nia mbaya. Yaelekea wajane wenyeji walikuwa na jamaa wa kuwataja, ilhali wale wengine hawakuwa na wa kuwasemea. Mitume waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono. Majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Ni dhahiri kwamba Kanisa liliukabidhi ugawaji kwa watu waliokuwa karibu na wale waliosahauliwa.

2. Mpangaji wa Mabibo

Mabibo, kata ya Dar es Salaam iliyokuwa chini ya Kinondoni na ambayo sasa iko Ubungo, ni makao ya watu waliotoka mikoa mingi. Wengi ni wapangaji wa chumba kimoja. Katika soko la Mahakama ya Ndizi wapo wachukuzi, wachuuzi na mama lishe ambao riziki yao ni ya siku kwa siku. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za Serikali mwaka 1993. Kwa mtu wa namna hii, ugonjwa wa wiki mbili hutosha kumkosesha kodi.

Sasa tuangalie utaratibu wetu. Mshiriki hujulikana kwa jumuiya yake na kwa bahasha yake ya ahadi. Anayefilisika huacha kwanza bahasha, kisha huacha jumuiya kwa kuona aibu, na mwishowe huhama chumba. Kamati inapoketi kuandika majina ya wahitaji, huanza na daftari la washiriki walio hai. Kwa hiyo mwenye shida kubwa kuliko wote amekwisha kutoka katika daftari kabla ya kikao kufunguliwa. Huyu ndiye mjane wa Kiyunani wa siku zetu.

3. Sanduku la Leisnig

Wazazi wetu wa imani walilitambua tatizo la utaratibu. Mwaka 1523 washiriki wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, walianzisha sanduku la pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji mwongozo wake. Lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake zilishikwa na makundi mbalimbali ya jamii, wakulima wakiwemo. Kutoka humo walisaidiwa yatima, wazee na wagonjwa, na fundi aliyekwama aliweza kukopeshwa ili asimame tena. Msingi wake ulikuwa fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani: maskini si ngazi ya kutupandisha mbinguni. Kwa kuwa wokovu tumekwisha kupewa bure, mikono yetu imebaki huru kwa ajili ya jirani.

4. Mambo ya kutendwa

Kwanza, kamati ya diakonia iwe na wapangaji na wachuuzi ndani yake, wala isiwe ya wenye nyumba na waajiriwa peke yao.

Pili, kila jina lililokoma katika daftari la ahadi lifuatwe kwa ziara ya mzee wa Kanisa kabla halijafutwa, na katika ziara hiyo habari ya deni isitajwe.

Tatu, viongozi wa mtaa na majirani Waislamu waulizwe ni nani anayelala na njaa. Wagalatia 6:10 huanza na watu wote ndipo ikawataja waamini.

Nne, hesabu zisomwe hadharani, bali majina ya wapokeaji yasisomwe. Paulo aliposimamia changizo la Yerusalemu alitaka asiwepo wa kumlaumu (2 Wakorintho 8:20-21). Naye Bwana ametuonya tusitoe sadaka kwa baragumu (Mathayo 6:2). Kumwita mjane mbele ya madhabahu apokee kilo tano za unga huku akipigwa picha ni kumlipisha heshima yake.

Wapo wanaohofu kudanganywa. Hofu hiyo haikosi sababu, nayo hutibiwa kwa ziara na kwa hesabu safi. Kuufunga mlango hakuitibu.

Ndugu watumishi, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kwenda katika mazoezi ya usharika, mtakapofika ombeni daftari la mwaka uliopita. Yatazameni majina yaliyokatwa, kisha nendeni mkawatafute.