Wakili Akila Pesa ya Mteja

Biashara ya jumla ya Kikuubo, katikati ya Kampala, imejengwa juu ya pesa taslimu na kuaminiana. Mnunuzi anayejulikana hupakiwa mzigo leo, hesabu zikamalizwa baadaye. Mazoea hayo yakiingia ofisini kwa wakili, huponza.

Chukulia muuzaji wa sukari anayenunua kiwanja. Anamkabidhi wakili wake pesa zote amlipe mwenye kiwanja, wala haombi stakabadhi. Miezi inapita, hati haijatoka, na simu haipokelewi tena. Wengi hukimbilia polisi, na wana haki, kwani kuiba pesa ya mteja ni jinai. Ila kesi ya jinai kazi yake kubwa ni kumwadhibu mkosaji, na mteja anataka pesa yake.

Kuna mlango mwingine. Sheria ya Mawakili ya Uganda ya mwaka 1970 iliunda Baraza la Sheria, na chini yake Kamati ya Nidhamu. Wengi wanajua kwamba kamati hiyo inaweza kumsimamisha wakili au kumfuta kabisa kwenye orodha ya mawakili. Lisilosemwa sana ni kwamba inaweza pia kumwamuru amlipe yule aliyepata hasara kwa utovu wake. Katika kupima kiasi, huangalia ujira ambao wakili alipewa kwa kazi hiyo na mazingira yote ya shauri. Nchini Kenya sheria imeweka ukomo wa fidia ya namna hiyo: shilingi milioni 5 za huko.

Kwa hiyo malalamiko yasiishie kueleza uchungu. Andika umepoteza kiasi gani, lini, mkononi mwa nani, kisha ambatanisha stakabadhi, ujumbe wa simu na taarifa za benki. Wakili anatakiwa kuweka pesa za wateja katika akaunti ya wateja, mbali na zake. Ukilipa humo moja kwa moja, ushahidi unabaki benki. Hakikisha pia ana leseni ya mwaka huo, kwa sababu tapeli asiye wakili hayumo mikononi mwa Kamati ya Nidhamu.

Kushindwa kesi si utovu wa nidhamu. Lakini wakili akilala mpaka muda wa rufaa ukapita, mteja anaweza kumdai fidia ya uzembe mahakamani.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: amri ya fidia humwangukia wakili mwenyewe. Akiwa amefilisika au ametoroka, mfanyabiashara hubaki na karatasi yenye muhuri. Afrika Kusini ililiona tatizo hilo mapema ikaanzisha mfuko wa kuwalipa wateja walioibiwa na mawakili wao, na Uingereza vilevile; sheria za nchi zote mbili ni za mwaka 1941. Mfuko wa Afrika Kusini hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na riba ya akaunti za wateja, na ule wa Uingereza hutegemea michango ya mawakili. Uganda inauhitaji mfuko wa aina hiyo, na Chama cha Mawakili, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1956, kinapaswa kuudai kwanza, kwa kuwa wizi wa mmoja huwachafua wote. Mchango wenyewe ungeweza kutozwa pamoja na ada ya leseni ya kila mwaka.